Mwizi hajaja ila hela ya korosho inaishia kwenye makufuli na mganga

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisikilize mwanao maana nimeongea na dada zangu wanacheka tu, mama mkwe ndo kabisa, anasema mwanaume analinda familia yake we mwanamke unataka nini tena. Mi nipo Mtwara mjini, Magomeni, nina mume na watoto watatu. Mume wangu mtu mzuri, sio mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, tatizo lake ni moja tu, anaogopa. Anaogopa kila kitu Shangazi, na kila anachokiogopa lazima kitoke na hela.

Ilianza hivi. Kaka yake yuko kijijini huko Tandahimba, mwaka juzi baada ya malipo ya korosho wezi walimuingilia ndani usiku, wakamkata panga la mkono, wakaondoka na hela yote iliyokuwa chini ya godoro. Shemeji alipona ila mkono mpaka leo haufungi ngumi. Mume wangu ndo alikuwa anamuuguza hospitali, na kuanzia pale hakuwa yule tena, halali, mlango ukigongwa anashtuka hata saa sita mchana.

Sasa na sisi tuna mikorosho yetu upande wa Nanyamba. Msimu uliopita mnada ulitubeba, tukapata milioni sita na kitu, zikaingia benki kupitia AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, kama kawaida. Siku hiyo kwenye grupu la mtaa ikarushwa voisi, jamaa anaongea huku anahema, eti kuna benki zinafungwa, mwenye akili akatoe chake mapema. Hata benki yenyewe hakuitaja. Asubuhi yake mume wangu akawa wa kwanza foleni, akatoa zote, akazileta nyumbani kwenye mfuko wa rambo umefungwa ndani ya kanga yangu.

Hela ilivyolala ndani ndo uoga ukaanza rasmi. Akaita fundi, madirisha yote grili, mlango wa mbele wa chuma, mlango wa uani wa chuma, milioni moja na laki na nusu ikaondoka. Taa za sola laki na themanini. Mbwa tena, elfu sitini, anakula kuliko mtoto wa mwisho. Halafu yule yule fundi wa grili ndo akamwambia chuma hakizuii wachawi, yeye anamjua mzee mmoja anazindika nyumba. Mganga kaja, kachimbia vitu kwenye kona nne za nyumba, laki tatu, nusu kalipwa nusu bado. Kabla hajaondoka akaacha neno, adui yenu anakaa upande linapozama jua. Upande huo Shangazi anakaa bibi mmoja mjane anauza karanga, na mimi ndo nilikuwa namtumaga mtoto karanga za kuungia mboga. Sasa hivi tumekatazwa hata kumsalimia.

Ikaja voisi nyingine, barabara ya Dar itakatika tutakufa njaa. Akanunua sukari mfuko mzima, mchele, mafuta, karibu laki nne. Mchele umeingia fukusi, sukari imeshika unyevu na sisimizi wamehamia. Na petroli madumu mawili, anasema ni ya mashine ya kupulizia na pia kama mafuta yakiadimika, yako stoo, pembeni ya jiko langu la mkaa.

Ikaja ya Noah nyeusi inaokota watoto. Madrasa ya jioni ikafutwa. Na mi nilikuwa nakaanga samaki barabarani kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa siku sikosi elfu kumi na tano ya faida mpaka ishirini, nikaambiwa nifunge, mwanamke barabarani gizani anatafuta nini. Nimefunga. Sio mimi peke yangu, mtaa mzima saa moja na nusu hamna mtu.

Usiku saa tatu anaanza mzunguko wake na tochi ya simu, anavuta kufuli la kwanza, anavuta la pili, la tatu, anarudi tena kwa lile la kwanza. Funguo anazivaa shingoni kwa kamba ya kiatu analala nazo. Choo chetu kiko uani, kwa hiyo watoto usiku wanajisaidia kwenye ndoo. Karibu milioni mbili zimeshakwenda, kupalilia shamba hatujapalilia vizuri, na muda wa kupuliza unakuja.

Nina maswali mawili. Nimewaza siku akitoka nizichukue hizo zilizobaki kimya kimya nikaziweke benki kwa jina langu, nitakosea? La pili huyo mganga anapiga simu kila siku, anasema laki na nusu isipomaliziwa zindiko litatugeukia wenyewe. Tumlipe?

Mama Watatu, Magomeni, Mtwara

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, petroli itoke stoo leo. Sio kesho, sio baada ya kuongea na baba watoto kwa upole, leo. Petroli sio lazima imwagike ndo iwake, mvuke wake peke yake ukitambaa chini ukakutana na kaa la moto imetosha, na wewe umeniambia iko pembeni ya jiko. Sasa weka hapo madirisha yaliyochomelewa, milango miwili ya chuma, makufuli matatu na funguo ziko shingoni kwa mtu mmoja aliyelala. Mimi wezi wa Magomeni siwaogopi kuliko ninavyoiogopa hiyo nyumba yenu saa nane usiku. Mwite fundi, sio yule wa mganga, mwingine, akate grili ya dirisha moja la chumba cha watoto aiwekee bawaba ifunguke kwa ndani, na funguo zikae sehemu moja ambayo hata mtoto wa miaka saba anaijua gizani. Namba ya Zimamoto ni 114, mfundishe mkubwa aishike kichwani.

Haya tuje kwa mzee wako, baba watoto. Nimeisoma barua yako nikarudia pale kwa shemeji yako, maana naona hapo ndo pote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mumeo alimuona kaka yake na mkono umening'inia, usimcheke, na hao dada zako waambie waache kucheka. Ila hebu msikilize anachosema mwenyewe. Shemeji aliingiliwa kwa sababu gani? Kwa sababu kijiji kizima kilijua korosho zimelipwa na hela iko chini ya godoro. Panga lilifuata godoro. Sasa mumeo kwa kuogopa yaliyompata kaka yake kaenda kufanya kile kile alichofanya kaka yake, kaitoa hela sehemu ambayo mwizi hawezi kuifikia kaileta chumbani kwenye kanga. Halafu akaanza kununua vya kuilinda, na fundi wa grili kaona, muuza taa kaona, mganga kaona, aliyemuuzia mbwa kaona, wote hao wanajua kuna nyumba Magomeni ghafla ina milango ya chuma. Mtu asiye na kitu haweki chuma mbele na nyuma, ndivyo mwizi anavyohesabu.

Na hesabu nyingine ni hii, mwizi hajaja hata siku moja na milioni mbili zimeshatoka. Angekuja labda asingezipata zote.

Hiyo ya benki sio kwamba kaitoa hewani, mwambie Shangazi anakubali. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa mpigo, watu walihangaika kweli. Lakini kuna kitu hawa wa voisi hawakisemagi kwa sababu kikisemwa voisi inakosa utamu. Kuna Bodi ya Bima ya Amana, kazi yake ni kumlipa mteja benki ikifilisika. Wakati ule wa 2018 kiwango kilikuwa milioni 1.5 kwa mteja, kikaja kupandishwa mpaka milioni 7.5 kwa mteja mmoja kwenye benki moja. Milioni sita yenu yote ilikuwa ndani ya bima siku ile anaitoa! Chini ya godoro bima ni mbwa. Na asiniamini mimi wala asikuamini wewe, Benki Kuu wana tawi hapo hapo Mtwara, aende kwa miguu yake aulize, mwanaume akisikia kwa masikio yake kwa mtu wa ofisi inamuingia kuliko kwa mke, ndo walivyo sijui nani aliwafundisha.

Swali lako la kwanza sasa. Usizichukue kimya kimya. Najua inavutia, na hela ni ya jasho lako pia maana kuokota korosho nani aliinama, si wewe. Lakini piga picha amerudi, amefungua kanga, hamna. Mtu huyu halali, ana panga nadhani nyuma ya mlango kama siwajui wanaume wa Kusini, na mganga kashamwambia adui yuko upande linapozama jua. Wa kwanza kumfuata hatakuwa wewe mwanangu, atakuwa yule bibi wa karanga. Mpaka wewe useme ukweli maji yameshamwagika. Hapana, hiyo hatufanyi.

Na hapo kwa bibi nataka nisimame kidogo. Sheria ya Uchawi ya nchi hii iko tangu enzi za Mwingereza na inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, watu hawajui hilo. Kanda ya Ziwa huko vikongwe wameuawa miaka na miaka kwa ajili tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, na ilianza hivi hivi, mganga anatoa dira hataji jina, ukoo unamalizia wenyewe. Kamsalimie bibi wa watu. Kanunue karanga mchana kweupe. Mzee akiuliza mwambie Shangazi kasema jua linazama upande huo kwa mtaa wote wala sio kwenu tu.

Voisi. Sitaki kukuambia kila linalosemwa ni uongo, maana mumeo sio mjinga na ukimwambia hivyo atakutajia mifano mpaka asubuhi. Njombe mwaka 2019 watoto waliuawa kweli. Kitaya, huku huku Mtwara, mwaka 2020 watu walivamiwa kweli kutoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na sisi wa huku tuliwaona waliokimbia. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika kule Kilwa, mabasi na malori yakakwama Somanga. Hivyo vyote ni vya kweli ndo maana uongo unashika, unapanda mgongoni kwa ukweli. Lakini angalia hata Hidaya yenyewe, barabara ilifunguka baada ya siku, haikuwa miezi, kwa hiyo aliyekuwa na mchele wa wiki mbili, unga, chumvi, mafuta ya taa na dawa za mtoto alikuwa sawa kabisa. Mfuko mzima wa sukari haukuwa unatakiwa na mtu. Na Aprili 2019 kile Kimbunga Kenneth, unakumbuka, Mtwara nzima shule zikafungwa na ofisi zikafungwa, watu wakaambiwa wapande maeneo ya juu, kimbunga kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, wenzetu wakaumia vibaya. Kutii siku ile haikuwa uoga, ilikuwa akili, tangazo lilitoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, lina saa, lina eneo, na lilipokwisha likasemwa limekwisha. Voisi ya jamaa anayehema haina saa wala eneo na haiishagi. Hujawahi kusikia voisi inasema jamani ile Noah haikuwepo, watoeni watoto.

Kwa hiyo kwenye grupu mpe mzee kazi badala ya kumnyang'anya simu. Kila ikija, aulize maswali matatu, nani kasema, wapi, lini. Ikikosa majibu asubiri mpaka kesho jioni ndo atoe hela. Kusubiri tu. Nyingi zinakufa zenyewe usiku huo huo.

Nina kisa cha mbali lakini kinamhusu. Baada ya yale ya Septemba 11, 2001 kule Marekani watu wengi waliogopa kupanda ndege, wakawa wanasafiri na magari yao. Mtafiti mmoja Mjerumani anaitwa Gerd Gigerenzer akaja akakaa na takwimu za ajali, akakadiria kwamba ndani ya miezi 12 watu kama 1,500 zaidi walikufa barabarani, yaani walikimbia ndege wakafia kwenye lami, na hakuna aliyewahesabu kama wamekufa kwa uoga. Msomee mzee hicho kipande akiwa ameshiba. Halafu mwambie twende tukaangalie stoo.

Sasa biashara yako. Hili limeniuma kuliko grili. Ulikuwa unaingiza elfu kumi na tano mpaka ishirini kwa jioni, ukipiga kwa mwezi ni laki nne na kitu mpaka sita, na hela hiyo ilikuwa haiishii kwako. Kijana wa samaki feri alikuwa anakuwekea, sasa hakuwekei. Mama wa mkaa. Wa malimao na pilipili. Boda waliokuwa wanasimama hapo kula, abiria akitokea wanamuona, sasa hawasimami, na abiria anaogopa kutoka kwa sababu hamna boda. Duka la pale kona linafunga mapema kwa sababu wateja wa samaki wako ndo walikuwa wanapitia soda. Kila mtu amebana kwa kumuogopa mtu ambaye hajamuona na wote mmekosa hela kwa pamoja, halafu mtaa umebaki giza na mtupu, na mwizi anataka nini kingine zaidi ya mtaa mtupu? Jiko lako na ile taa yako na wale watu kumi wamesimama wanakula walikuwa ulinzi tosha, bure, tena unalipwa wewe.

Usirudi peke yako lakini, sitaki ugomvi. Nenda kwa mjumbe, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, waambie mnataka kurudisha jioni, wewe, duka la kona na boda, na muulizie ulinzi shirikishi umeishia wapi. Mzee wako apewe nafasi humo. Naongea kabisa, mtu anayezunguka na tochi kila usiku anavuta makufuli ana kipaji, sema anakitumia vibaya, mpeni filimbi na zamu na wenzake wanne, atalala siku ambazo sio zamu yake. Waanze na saa mbili usiku, baadaye saa tatu. Madrasa watoto waende kwa kundi na mtu mzima mmoja wa zamu, hiyo hata bila Noah ilitakiwa.

Kuongea naye, usianze na hela. Ukianza na milioni mbili atasikia unamwita mjinga na atajifunga kwa kufuli la nne. Anza na kaka yake. Muulize siku ile hospitali alionaje, na wewe unyamaze, nadhani hajawahi kuulizwa, wanaume wanaulizwa tu mgonjwa anaendeleaje. Akishatoa ya moyoni ndo umwambie nataka hela ya shamba iwe mbali na watoto wangu, twende wote benki. Akikataa zote, ziende za kupalilia na kupuliza tu kwanza, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa maua ya mikorosho, hausubiri mtu apone hofu, maua yakishaungua mwezi wa saba hakuna kufuli litakalorudisha korosho. Ziwekwe kwenye akaunti yake, sio yako, ujumbe wa benki uingie kwenye simu yake aone namba zipo. Ataziangalia kila siku, muache aangalie. Baada ya muda atapeleka nyingine mwenyewe. Na hapo benki asifuatane na boda asiyemjua, asihesabie kibarazani, asitangaze, hiyo tahadhari namruhusu yote.

Ukiona haiwezekani, halali kabisa, anatetemeka, mpeleke akaonane na daktari, hospitali ya mkoa Ligula si mbali na hapo mlipo. Kuna watu wakishuhudia damu akili inabaki pale pale, na inatibika, wala sio uchizi.

Mganga asilipwe. Anayesema zindiko lake litawageukia ameshakiri mwenyewe kachimbia kitu cha kuwadhuru, kwa hiyo mumeo akipokea simu amwambie sawa mzee, hayo maneno rudia tena mbele ya mjumbe halafu hela yako uichukue hapo hapo. Hatapiga tena. Hivyo vilivyochimbiwa kwenye kona, mwambie mumeo avichimbue mwenyewe Jumamosi mchana, wewe ukiwa umeshikilia jembe la pili, na mapembeni mpande mchaichai.

Shangazi